Mlima wa moto, mama mkwe na bipu tatu kutoka Stockholm

Wakuu, salaam kwenu.

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki pale Tanga na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Tangu hapo nimekata mkonge, nimeuza chai bandarini, nimeosha meli, mpaka meli moja ikanishusha Ulaya. Kwa hiyo mwenye hamu ya kunisahihisha herufi apite kushoto.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu anasoma hapa begani, nikidanganya nalala sebuleni.

Tuendelee.

Miaka ile ya 2000 na kitu tulikuwa tunakaa Rinkeby, hapa Stockholm. Mimi nilikuwa nasafisha ndege huko uwanjani, upande wa Märsta.

Mke wangu ni Mngazija, wa Comoro. Ni nchi ya visiwa vidogo, ukiikosa kwenye ramani usijilaumu. (Kaguna hapa.)

Kisiwa chao kikubwa kina mlima wa moto na hakina mito. Watu wanakunywa maji ya mvua. Yanatoka kwenye bati, yanaingia kwenye gata, yanashuka na bomba hadi kwenye tangi la saruji uani.

Mama mkwe wangu, Koko Echati, anakaa kijijini huko mlimani. Tangi lake ndilo kubwa, kiangazi nusu ya majirani wanachota kwake.

Sasa mlima ukitema majivu, yakatua kwenye bati, mvua ikanyesha, tangi lote linageuka uji wa kijivu. Watoto wa kijiji wanaanza kuumwa matumbo.

Dawa ni moja. Chomoa bomba kabla majivu hayajafika, funika tangi. Kazi ndogo kabisa. Shida ni nani atamwambia mapema, maana kilele kimejificha mawinguni na Koko hana redio.

Wazo lilinijia hivi.

Jumatatu moja mchana niko nje ya duka la Wasomali, nimeshika mkungu wa ndizi. King'ora kikaanza kulia juu ya mapaa, mji mzima. Nikajua ndiyo vita. Nikatupa ndizi, nikajibana chini ya ngazi.

Jirani yangu Papa Deo, Mkongo wa Bukavu, kasimama palepale anavuta sigara.

"Toka huko, papa. Beko banajaribisha tu."

"Wanajaribisha nini?"

"King'ora. Kila miezi mitatu, Jumatatu saa tisa. Siku ya hatari batu bajue."

"Hatari gani?"

"Hakuna. Ndiyo maana banajaribisha sasa. Okota ndizi zako."

Wakuu, nililala na hilo neno. Nchi haina hata kilima kinachofuka, lakini inajaribisha king'ora. Kule kwa Koko mlima unafuka kweli, na king'ora chao ni shemeji yangu Msa, anayekaa mji mkuu na simu ambayo vocha yake haizidi meseji moja.

Nikapanga mtambo wangu.

Msa akisikia redioni kwamba mlima umechafuka, ananitumia meseji. Mimi nampigia Koko.

Mtaniuliza kwa nini Msa asimpigie mwenyewe. Siku ya hatari mji mkuu wote unapigiana kwa pamoja, laini za ndani zinakwama. Ya kutoka nje ukiing'ang'ania inapita. Meseji nazo hupita pale sauti inapogoma, ila Koko hasomi meseji. Anasema simu ni kitu cha masikio.

Basi nikafanya jaribio, kama Wasweden. Nikakwangua kadi, nikapiga. Koko akapokea.

"Mama, majivu. Chomoa bomba."

Nikakata. Nikajiona mtaalamu.

Koko hakuchomoa chochote. Alikaa chini, akaita wanawake wa ukoo, akawaambia mkwe wake wa Ulaya ama amerukwa na akili ama anataka kumrudisha binti yao.

Jioni mke wangu kasimama mlangoni.

"Umemfanya nini mama?"

"Nimemwokoa."

"Umempigia bila salamu."

"Ilikuwa dharura."

"Dharura gani? Mlima umelala. Wajomba wamekaa kikao."

Mnaocheka hamjaoa Ungazija. Kule mama mkwe hasalimiwi kwa "mambo vipi". Unatoa "kwezi", ndiyo shikamoo yao, halafu unauliza hali ya kila mtu na kila mnyama. Mkwe anayekata simu kabla ya hapo ametangaza talaka.

Kibaya zaidi, Koko akagoma kupokea simu yoyote ya Sweden. Mlima ukiamka sasa, hakuna njia.

Alipolegea kidogo nikampigia tena, safari hii na salamu zote. Kadi ikaishia kwenye habari za mbuzi.

Nikisalimia, onyo halifiki. Nisiposalimia, halisikilizwi.

Aliyenikwamua ni Koko mwenyewe, kupitia kwa binti yake. "Mwambie anisalimie leo za mwaka mzima, na mimi nitaitikia zote. Siku ya majivu tutakuwa tumeshasalimiana."

Jumapili nikakaa na kadi mpya. Nikamsalimia za Ramadhani, za Idi zote mbili, za masika, za kiangazi, za harusi za wajukuu ambao hawajachumbiwa. Nikaanza kumpa pole za misiba ya mbele.

"Hizo acha, baba," akasema.

Tukakubaliana. Simu ikilia ikakatika mara tatu mfululizo, hakuna maongezi. Anachomoa bomba, anatuma neno msikitini watangaze kwa spika.

Mwaka haukuisha.

Niko ndani ya ndege na mashine ya kuvuta vumbi, meseji ya Msa ikaingia. Neno moja, "Mlima".

Nikapiga. Imekwama. Nikapiga tena, nikapiga tena. Msimamizi wangu, mama wa Kisweden, akaja kuuliza napiga wapi.

"Kwa mama mkwe."

"Mama mkwe anaweza kusubiri."

"Yeye ndiyo. Mlima hausubiri."

Akanitazama, akachukua mashine akaendelea kuvuta mwenyewe.

Hatimaye ikalia. Nikakata. Ikalia, nikakata. Ya tatu ilinitoa jasho, lakini ikalia. Baada ya hapo kisiwa kizima kikawa kimya, hata Msa hapatikani.

Kesho yake simu ya nyumbani ikaita. Koko, ambaye tangu nimwoe binti yake hajawahi kupiga.

"Habari za kazi, baba?"

"Nzuri, mama. Tangi je?"

"Habari za baridi?"

"Ipo. Mama, tangi?"

"Watoto wanasoma?"

Akapita kwa Papa Deo, ambaye anamsikia tu kwa binti yake, akauliza mpaka mguu wake mbovu. Nilitaka kulia. Mwisho nikamwambia mama, nakuomba, niambie habari ya maji.

"Mwanangu," akasema, "tangi lingeharibika ningekusalimia hivi?"

Nikamsikia anakunywa.

Wakuu, nilichojifunza. Jiandaeni siku ambayo hakuna kitu, na mpange kwa adabu za watu wenu, siyo za Wasweden. Mwenye wazazi karibu na mlima, bahari au mto mkorofi aseme hapa chini wamepanga nini. Wa kejeli pia karibuni, nimezoea.

Leo nina kampuni ya usafi, magari mawili ya kazi, nyumba Bredäng, shamba la minazi Tanga, na tangi la pili uani kwa Koko, lenye mfuniko wa chuma.