Nyumba Zisizo na Milango

Juzi juzi nilirudi Kitengela kuchukua nyumba yetu, nikaibeba kwa mikono miwili ndani ya katoni ya mkate. Usicheke. Kama ulikulia pande zile ukiwa mtoto wa mpangaji, huenda hata yenu ilikuwa pale, kwenye rafu za fundi wa modeli, kando ya barabara ya Namanga. Fundi amefariki. Mke wake alimpigia simu kila mtu ambaye nyumba yake ilikuwa bado dukani, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Njooni mchukue. Sitaki kubaki nazo peke yangu."

Duka lilikuwa chumba kimoja cha mabati. Fundi alianza kwa kuwatengenezea wauzaji wa mashamba modeli za mitaa, zile zinazowekwa mezani ili mnunuzi asahau kwamba anaonyeshwa nyasi kavu na swara. Lakini watu wetu ni watu wa ploti. Mwalimu, karani, dereva wa lori, kila mmoja alikuwa na kipande chake mahali fulani, akikizungumzia kama mtoto aliye bweni. Wakaanza kumjia: nitengenezee yangu, nione itakavyokaa. Aliijenga kwa kadibodi na njiti za kiberiti, akaizungushia miti ya sponji iliyopakwa kijani, kisha akaiweka kwenye rafu. Hukwenda nayo nyumbani. Ilikaa pale bila mlango, tundu jeusi tu, mpaka siku utakapomaliza ile ya kweli na kulala ndani yake. Asubuhi yake ulikuja kumwambia, naye akaweka mlango wewe ukimtazama, mkanywa soda, ukaondoka na nyumba yako.

Nyingi hazikuondoka.

Utotoni, kila nilipotoka shule nilipitia pale. Bado naisikia harufu ya gundi ikichanganyika na ya mandazi ya jirani. Malori ya Namanga yalipopita, rafu zote zilitetemeka, na nyumba zile zikatoa sauti ndogo, kama watu wengi wanaosafisha koo kabla ya kusema.

Vioo vya madirisha vilikuwa vya eksirei. Fundi aliomba picha kuukuu za hospitali kwa yeyote aliyekuwa nazo, akazikata vipande vidogo, maana alisema hakuna plastiki yenye kiza kizuri kama kile. Ukiinua nyumba kwenye jua na kuchungulia, uliona kipande cha goti la mtu, au vidole. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na kwa sababu hiyo aliniita Wakili.

"Wakili, leo kesi gani?"

"Hili ni goti la nani?"

"La mtu aliyepona. Ukiona mtu bado anachechemea, ujue si lake."

Mama wa maziwa, Mmaasai aliyemletea lita yake kila asubuhi, aliweka mtungi mlangoni, akasalimu "Supa", wala hakuvuka kizingiti. Siku moja ya likizo nilimsikia akimwambia, "Kwetu nyumba inajengwa na mwanamke na analala ndani. Nyinyi watu wa kupanga mnajenga karatasi, halafu mnangoja mzeeke." Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Lakini nilimwona mama yule akiyatazama matundu yale ya milango, na hakuwa anacheka.

Baba alikuwa karani, mtu wa magharibi mwa Kenya, na ploti yake ilikuwa ng'ambo ya Isinya, njia ya Kajiado. Modeli yetu ilipokuwa ikijengwa alikuwa tayari anakohoa. Siku ya vioo alifika na bahasha kubwa ya hospitali kwapani.

"Tumia hii," alisema. "Sitaki madirisha yangu yawe na magoti ya watu."

Fundi alitoa eksirei iliyokuwamo, akaiinyanyua kwenye mwanga na kuikazia macho. Kisha akachukua mkasi. "Na mlango, rangi gani?"

"Buluu."

Baba alifariki kabla hata jiwe moja halijawekwa. Baba zangu wadogo walimpeleka magharibi. Kwetu mwanamume hazikwi hivi hivi kama hana nyumba katika boma, na yeye hakuwa nayo, kwa hiyo walisimamisha chumba cha mabati asubuhi moja, wakaliweka jeneza ndani likalala humo, na kesho yake wakazika. Tuliporudi kule mara nyingine, ndani yake mlikuwa na mbuzi. Hiyo ndiyo nyumba pekee aliyowahi kuwa nayo. Nadhani hapo ndipo maswali yangu yalipoacha kuwa ya kuchekesha. Chuo kikuu kiliyanoa tu.

Mwaka huu mnunuzi wa ile ploti akajitokeza, akataka jibu kabla ya Jumamosi. Mama amepanga Kajiado mjini, na mimi niko Nairobi. Nilimwambia auze. Ni nyasi na fisi, nikasema, na hakuna mtu pale.

"Siwezi kuuza na nyumba yetu bado iko kwa mtu," alijibu. "Nenda uichukue. Kama haina mlango, basi, mwambie mnunuzi aje. Nitatia sahihi."

Nilikwenda nikijua nitakachokuta.

Mke wa fundi alikuwa ameketi kwenye stuli ya marehemu. Kila nyumba niliyoitazama ilikuwa na tundu lake jeusi. Hata ya fundi mwenyewe ilikuwa juu kabisa, wazi. Alikuwa mpangaji maisha yake yote, na keshokutwa wangempeleka kwao Ukambani kuzikwa. Yetu ilikuwa rafu ya chini. Ilikuwa na mlango wa buluu, na ulikuwa umeachwa wazi kidogo, kama wa mtu aliyetoka mara moja.

"Hii si yetu, mama," nilimwambia mke wa fundi.

"Ni yenu. Angalia chini."

Jina la baba lilikuwa pale, kwa mwandiko wa fundi.

"Lakini hatukujenga. Hakuna mtu amelala."

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Jioni ile tulisikia mmeshazika, akaishusha, akaanza kukata mlango. Nikamwambia, mzee, hao hawajajenga. Akasema hii iko na mtu, na mtu hawezi kuachwa kwa upepo."

"Mtu gani?"

"Uko na maswali mengi, kama alivyosema. Beba."

Lori likapita. Nyumba zote zikasafisha koo isipokuwa yetu. Fremu ya mlango hukaza ukuta, nilijiambia, na nilijiambia hivyo mpaka Kajiado.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akautazama mlango. Aliiweka nyumba mezani, jua la jioni likiingia kwa dirisha kubwa na kutokea kwenye yale madogo. Hapo kwenye kitambaa cha meza vikaanguka vivuli, vyembamba, vimepindana, upande huu na upande ule. Mbavu za baba. Nilikuwa nimekuwepo siku ile ya bahasha, nikaona mkasi ukikata, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ilikuwa picha ya nini.

Mama aliweka kiganja juu ya vivuli vile. "Kumbe alilala kwake," akasema.

Hakuniambia nifanye nini. Nilichukua simu nikamwandikia mnunuzi kwamba ploti haiuzwi.

Lile duka sasa linapakwa rangi, naambiwa litauza vifuniko vya simu. Malori yatapita na hakuna kitakachotetemeka, na sijui zile nyumba nyingine zimekwenda wapi, maana si wote waliokuja. Yetu iko juu ya kabati la mama. Jioni anaufunga ule mlango kwa ncha ya kidole. Asubuhi huwa wazi kidogo. Bawaba zake ni za kitambaa, na kitambaa hunywea kwa baridi ya Kajiado. Hilo naweza kulieleza hata kwa mchoro. Ila nikienda kuipangusa vumbi, kwanza nagonga kwa ukucha, nangoja kidogo.