Ombi la Kijiko Kimoja cha Damu

Nimekaa na aibu hii miaka mingi na sasa naona bora niitoe mwenyewe, maana wengine wakiisimulia mimi huwa nimekunywa ndoo nzima, na ukweli ni kwamba sikunywa hata tone. Ndiyo, ni mimi. Yule mlinzi wa Doha aliyeomba damu kwa barua. Chekeni kwanza, mkimaliza nitaendelea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesoma hadi darasa la nane basi, na nilikuwa na haya, haya ya ile aina ambayo basi la kampuni likipitiliza kituo changu siwezi kumwambia dereva asimame (ilitokea mara mbili, nikarudi kwa miguu). Tena natoka Ukambani, na Mkenya yeyote anaujua utani wa Wakamba na uchawi, kwa hivyo ongezeni na hilo. Tulilala sita chumba kimoja katika kempu ya Al Rayyan. Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Wafula wa Bungoma, kijana mnene mwenye sauti ya lori, aliyekuwa akinipakulia ugali bila mimi kuomba kwa sababu alijua sitaomba. Na nilikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio. Hilo mlishike. Katika miezi hiyo ukileta shida yoyote, supavaiza anaandika ripoti, ofisi inafuta viza, na wewe unapelekwa uwanja wa ndege na begi lako.

Zamu yangu ilikuwa ya usiku, kulinda nyumba ambazo hazijaisha kule Umm Salal, mimi na kontena na paka. Simu za kioo ndiyo kwanza zilikuwa zimeshuka bei, nami nikanunua yangu, na katika kubonyezabonyeza nikaangukia ukurasa wa watu wanaosema wao ni wanyonya damu wa kweli. Si wa sinema. Watu wenye kazi zao, wanaolipa kodi ya nyumba, ila wamezaliwa na upungufu fulani ambao hauponi mpaka wapate damu kidogo ya mtu. Kulikuwa na orodha ya dalili kumi ujipime mwenyewe. Kiingereza changu ni cha kusukuma, kwa hivyo ilinichukua siku tatu kuimaliza, lakini kila nilipoelewa mstari mmoja moyo ulikuwa unaruka. Jua linakuchosha? Linanichosha. Unalala mchana na kuamka usiku? Kila siku. Unachoka bila sababu? Sana. Mwanga unakuumiza macho, hamu ya chakula huna, ukiwa katikati ya watu ni kama hawakuoni? Jamani! (Leo najua kwamba kwa kipimo hicho walinzi wote wa zamu ya usiku pale Doha walikuwa wanyonya damu, pamoja na paka, lakini wakati ule sikuwaza hivyo.) Nilipata tisa kwa kumi. Shuleni sikuwahi kupata tisa kwa kumi katika kitu chochote.

Nataka mnielewe. Maisha yangu yote nilikuwa naambiwa mimi ni mpole, mimi ni zuzu, mimi sina moto. Halafu mtu nisiyemjua ananiambia, hapana, wewe si dhaifu, wewe ni wa aina yako. Nilizunguka zile nyumba usiku huo nimeinua kidevu kama mwenye nyumba.

Nikawaandikia. Akanijibu mama mmoja aliyejiita Malkia wa Usiku, na kumbe mchana ni karani wa bima katika nchi moja ya baridi. Alikuwa mwungwana kupita kiasi. Akaniambia dalili ya kumi ni kiu yenyewe, na huwezi kuijua mpaka uonje, lakini kuna taratibu: mtoaji awe mtu mzima, awe amepimwa afya, awe amekubali kwa hiari yake, asidanganywe wala asishurutishwe, na iwe matone tu. Mimi nilivutiwa hasa na hizo taratibu. Kampuni yetu haikuwa na utaratibu mzuri namna hiyo hata wa kuomba likizo.

Basi mtoaji awe nani? Wafula. Ni mtu mzima, na amepimwa, maana sisi sote tulitolewa damu tulipofika, bila hivyo hupati bataka, kile kitambulisho cha ukaazi. Na damu anayo, ukimtazama tu unaona. Kilichobaki ni kumwambia, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo uliozaa mengine yote: badala ya kumwambia kwa mdomo nikaamua kumwandikia barua.

Naandika polepole. Ile barua nilikwenda nayo zamu tatu, kwenye karatasi za nyuma za daftari la zamu, na kwa kuwa barua niliyofundishwa shuleni ni ile rasmi, niliiandika rasmi. Juu nikaweka kichwa na kukipigia mstari: YAH: OMBI LA DAMU KIASI CHA KIJIKO KIMOJA. Kisha "Ndugu yangu mpendwa", bila jina, kwa sababu ya haya. Mwisho nikaweka "Wako mtiifu", jina langu lote, na namba yangu ya kazi, kwa sababu mwalimu alitukazania kwamba barua bila sahihi ni ya mwoga.

Alfajiri ya Ijumaa nikarudi chumbani. Kila mtu ana msumari wake ukutani wa kutundika koti la kazi, na makoti yote ni sawasawa, yametoka kiwanda kimoja. Kwenye msumari wa Wafula kulikuwa na koti. Nikatia barua mfukoni, nikapanda kitandani kwangu juu, nikajifunika. Kitu ambacho sikujua ni kwamba Wafula alikuwa amebakishwa kazini na koti lake analo mwilini, na lile lililoning'inia pale ni la Pasta Kato, aliyelifua Alhamisi na kulianika hapo kwa sababu msumari wa Wafula uko chini ya eisi, na upepo wake hukausha upesi.

Pasta Kato ni Mganda, mlinzi kama sisi, tuliyelala naye chumba kimoja, lakini siku ya Ijumaa asubuhi alikuwa anatuongoza kwa maombi kwenye chumba cha kulia chakula. Kwa sauti ya chini, maana ile ni kempu. Saa tatu akatuamsha wote, akavaa koti lake, tukashuka. Nami nikaenda nikakaa nyuma kabisa karibu na ndoo za takataka, mahali pangu pa kawaida.

Sasa pale tulikuwa na desturi. Mtu mwenye shida asiyetaka kusema mbele za watu anaiandika kwenye karatasi, anaitia mfukoni mwa Pasta bila kuonekana, na Pasta anaisoma ili wote waombe. Kwa hiyo alipoingiza mkono akakuta karatasi tatu zilizokunjwa vizuri, uso ukamng'aa.

"Banange, leo kuna ndugu ameandika mengi! Tusikilize mzigo wake."

Nikaiona ile karatasi. Niliijua kwa doa la chai. Nilitaka kusimama niseme hiyo si ya hapo, miguu nayo ikakataa, na mnaijua miguu yangu, ni ile ile ya basini.

"'Ndugu yangu mpendwa,'" Pasta akasoma, "'natumaini u mzima, mimi pia ni mzima isipokuwa nina upungufu ambao nimeugundua hivi karibuni.'"

"Bwana asaidie," watu wakasema.

"'Ninachohitaji si chakula wala mavazi. Ninachohitaji ni damu.'"

"Amina!" Mama mmoja wa usafi akainua mikono. "Damu yake! Tunahitaji damu yake!"

Pasta naye akapata moto, akasoma kwa sauti ya mahubiri, "'Si nyingi! Kijiko kimoja tu!'"

"Hata tone, Baba!"

"'Itolewe kidole cha mkono wa kushoto ili usipate shida kazini. Sindano nitanunua mimi. Kijiko nitakiosha kabla na baada.'"

Amina ya mwisho ilikatika katikati. Pasta alisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali, na kwa kuwa mtu akishaanza kusoma mdomo hauna breki, akaendelea mpaka chini kabisa, mpaka jina langu, mpaka namba ya kazi, tarakimu moja moja.

Watu kama sitini wakageuka.

Na kwa kuwa sikuandika jina la ninayemwandikia, kila ndugu mpendwa mle ndani alidhani ni yeye. Jamaa aliyekuwa ameketi kando yangu akafunga kifungo cha juu cha shati, taratibu, huku ananitazama. Mwingine akasema, "Si niliwaambia? Mkamba anayenyamaza hivyo!" Pasta akaanza kunikemea pepo kutoka kule mbele bila kunikaribia. Wenzangu wa chumbani wakapanda juu, na nilipofika nikakuta godoro langu liko kwenye korido, na kijiko changu cha chai wamekiweka juu yake kwa kitambaa, hawataki hata kukigusa.

Adhuhuri Bwana Rashidi, supavaiza wetu, mtu wa Mombasa, akarudi kutoka msikitini akiwa bado na kanzu, akakuta kempu yote imesimama kwenye ngazi. Akaniita ofisini kwake. Barua yangu ilikuwa mezani, na pembeni yake ile fomu nyeupe ya ripoti, na kalamu.

"Keti, mwanangu," akasema. "Hii hati yako?"

"Ndiyo."

"Umeandika vizuri. Yah, hoja, sahihi. Wengine huniletea barua hata tarehe hazina." Akavua miwani. "Sasa nisikilize. Nchi hii mambo ya damu na uchawi si mzaha. Nikiliandika neno hilo hapa, kesho kutwa uko kwenye ndege. Nisipoliandika, hawa walio mlangoni wataliandika wao. Ushawahi kuinywa?"

"Hapana."

"Wataka kuinywa?"

Nikafikiria. Mjue, hata pale bado nilijiona wa aina yangu. Nikasema, "Sijui, bosi. Nimepata tisa kwa kumi."

"Tisa ya nini?" Akashika kalamu. "Na hiyo barua ulimwandikia nani?"

Mlango ulikuwa wazi, vichwa vimejaa, na nyuma yao nikasikia sauti ya lori inauliza kuna nini. Wafula alikuwa ameshuka kwenye basi, na kabla hajavua kofia alikuwa ameshaambiwa yote na zaidi. Akajipenyeza mpaka ndani.

"Ni mimi aliandikia, bosi. Huyu hana mtu mwingine." Halafu akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Manze, si ungeniuliza tu? Siku ngapi tunakula sahani moja?"

Nilitazama fomu.

"Bosi, usiandike kwanza. Hii maneno tumalize hapa hapa, mimi nina usingizi." Akachomoa beji ya jina kifuani, ile yenye pini nyuma, akajidunga kidole cha kushoto bila hata kukunja uso (kumbe alishaelezwa mpaka ni mkono gani), akakiminya, akaninyooshea. "Haya, buda. Kunywa."

Nikakiona. Tone moja, dogo kuliko punje ya mtama, jekundu, linang'aa, halafu likaanza kuteremka polepole kuelekea kwenye kucha. Nakumbuka nikiwaza kwamba hii ndiyo dalili ya kumi. Nakumbuka masikio yakivuma. Halafu sikumbuki tena, ila nimeambiwa na watu wasiopungua ishirini kwamba macho yaligeuka meupe, nikasema "mama" kwa sauti nyembamba, nikaanguka na kiti, na katika kuanguka nikapiga meza kwa goti na birika la chai la Bwana Rashidi likamwagika lote juu ya fomu.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, Pasta Kato ananipepea kwa ile barua yangu. Pasta mwenyewe! Na korido nzima, watu walioogopa kulala chumba kimoja nami, walikuwa wanacheka mpaka wameshikana mabega. Bwana Rashidi alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanzu.

"Mnyonya damu gani huyu," akasema, "hata mbu anamshinda!" Akachukua fomu nyingine, akaandika huku anasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Mfanyakazi amezimia. Sababu: kutokula vizuri na kazi ya usiku. Ahamishiwe zamu ya mchana. Khalas. Kuna mwenye neno?"

Godoro langu lilirudi chumbani kabla yangu.

Malkia wa Usiku nilimweleza kila kitu, akanijibu kwa upole kwamba wengi huzimia mara ya kwanza na nisikate tamaa. Nikaufuta ule ukurasa.

Wafula alifunga kile kidole plasta wiki mbili kwa tundu la pini, na kila aliyemuuliza alimwambia ameumwa na mnyama kazini. Siku moja tukila nilijikaza nikamwomba msamaha, kwa mdomo. Akatafuna kwanza.

"Lakini mbona mimi? Kempu iko na watu mia na kitu."

"Ni wewe tu ninayekujua."

Akanisukumia nyama iliyobaki. "Basi anza kujua wengine, buda. Mimi damu yangu inanitosha mwenyewe."

Nilianza na jamaa yule aliyefunga kifungo. Nilimsalimia asubuhi iliyofuata, akaruka kidogo, kisha akaitikia. Na nimeapa, nikiwa na shida na mtu nitamwendea nimtazame usoni niiseme, hata kama itanichukua nusu saa kufungua mdomo. Na jambo lolote la damu, hata kama ni daktari anataka kunipima, nitalala chini kwanza.