Unga Kwenye Chasisi

Baba yangu ameendesha malori ya watu tangu kabla sijazaliwa. Kwa madereva, mwenye lori anaitwa tajiri, hata kama lori lenyewe ni moja na viatu vyake vimetoboka. Kwa hiyo hapa nyumbani kwetu Tunduma, neno tajiri nimelisikia kuliko neno sukari. Tajiri kapiga simu. Tajiri hataki tairi la viraka. Baba hata akiwa abiria kwenye bajaji, ikiingia shimoni, alikuwa anashtuka: "Tajiri akijua!"

Mwaka huu baba akanunua lori lake mwenyewe. Ni kuukuu, linanguruma kama mashine ya kusaga, na mlango wa kushoto unafunguka kwa ndani tu. Mama aliuza kahawa yote ya shamba letu la Ihanda, baba akaongeza akiba yake. Siku lilipoingia uani nilishindwa kulisogelea. Mimi ni mtu wa aibu, naona aibu mpaka kwa vitu. Nililiangalia kupitia dirisha la chumbani, natabasamu peke yangu kama mjinga.

Tulidhani kazi imeisha. Kumbe kununua ilikuwa kuzaa, bado kulea. Baba akaanza kuzungukia vibali, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za onyo za kuweka barabarani, na bima. Bima ndiyo iliyomkwamisha. Alipokuwa dereva wa watu alikuwa anakuta gari lina bima tayari, kama vile gari lilizaliwa nayo. Sasa wakala wa bima alimtumia bei kwenye simu. Baba akaisoma, akailaza simu kifudifudi mezani, akaomba maji ya kunywa.

"Kuna ndogo na kuna kubwa," alimwambia mama baada ya kunywa. "Ndogo inalipa nikimgonga mtu, gari yangu ikiumia ni shauri yangu. Kubwa inalipa mpaka gari yangu. Nachukua ndogo. Mimi sijawahi kugonga hata mbuzi."

"Wewe hujagonga," mama alijibu, anachambua maharage. "Na hao wenzako wanaoshuka milima huku wanasinzia, na wao hawajagonga?"

"Mama watoto, hiyo pesa ni bati za jiko lako."

"Jiko likivuja nahamisha sufuria. Lori likianguka nahamisha nini?"

Baba akageuka kunitazama, kama vile mimi ndiye hakimu. Nikainamia vidole vyangu. Mjadala ukaishia hapo, ikawa bima kubwa, pamoja na kadi ya njano, bima ya kuvukia mpaka kwenda Zambia.

Haraka ilikuwepo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na saruji ya kupeleka Kasama, na alimwambia baba bila kuzunguka: bima ikiwa tayari Jumamosi, mzigo wako, isipokuwa tayari, ninao wengine wanausubiri. Ungekuwa mzigo wa kwanza wa baba bila tajiri. Kila asubuhi alikuwa anazunguka lori na kulipigapiga matairi kwa teke, kama mtu anayemwamsha mwanawe kwenda shule.

Wakala akasema kwamba kabla ya kukata bima kubwa, Jumamosi asubuhi mkaguzi atakuja nyumbani kuliangalia gari. Hapo ndipo tulipokosea, familia nzima. Kwetu ukaguzi maana yake ni bwana afya anapopita kuangalia vyoo na vichanja vya vyombo. Akikuta pachafu, aibu yenu. Kwa hiyo Ijumaa tuliliingilia lori kama nyumba. Mama akasugua viti. Mimi nikaosha matairi kwa sabuni ya unga. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa amekuja kutoka milimani Ileje kuliona gari la mwanawe, alivua kitambaa cha kufuma kwenye kochi akakitandika mbele ya usukani.

Kisha akainama, akachungulia chini.

"Huku kuna kutu," alisema. "Mgeni hapokelewi na kutu."

Baba mdogo, ambaye ndiye angekuwa utingo wa safari, akaenda kununua rangi nyeusi. Alipaka chasisi yote, mbele mpaka nyuma, mpaka mahali ambapo hata Mungu haangalii. Jioni lori liling'aa. Sisi wenyewe tulikaa uani tunalishangaa.

Jumamosi mkaguzi akashuka kwenye bodaboda. Alikuwa dada mmoja mcheshi, amevaa buti, simu kubwa mkononi.

"Hodi wenyewe! Mwenye gari yuko wapi?"

Baba aligeuka kuangalia nyuma yake. "Ametoka kidogo," alisema.

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka! Tajiri si ni wewe!"

Dada wa bima naye akacheka. Akazunguka gari, akapiga picha matairi, taa, mtungi wa moto. Alipokiona kitambaa cha kochi alisema hajawahi kukagua lori lenye sebule. Bibi akafurahi sana. Kisha yule dada akachuchumaa karibu na tairi la mbele la kulia, akamulika ndani na simu. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka hakuwa anacheka.

"Mzee, namba ya chasisi siioni. Huku ndiko inakogongwa. Nani amepaka rangi hapa?"

Sote tukamwangalia baba mdogo. Baba mdogo akamwangalia bibi.

"Tumelipendezesha, mwanangu," bibi alisema.

"Mmelipendezesha kweli, bibi. Lakini gari iliyofunikwa namba, ofisini kwetu wanauliza imeibiwa wapi. Nisipoiona namba nikailinganisha na kadi ya gari, sina cha kutuma. Na leo wanafunga saa saba."

Nilikuwa nimesimama mlango wa jiko, nikamwona baba usoni. Hakukasirika. Alinywea tu, kama tairi lenye pancha ndogo. Saruji ilikuwa inaondoka mbele ya macho yake.

Baba mdogo akaleta petroli na kitambaa, akasugua. Rangi haikutoka, ilitapakaa tu, ikajaa vizuri zaidi kwenye vishimo vya namba. Baba akajaribu kujipenyeza mwenyewe, kitambi chake cha udereva kikakwama kwenye tairi, wakamvuta miguu kumtoa. Mimi nilikuwa nimerudi jikoni, nimeanza kuchota unga wa ugali wa mgeni.

"Wewe mwembamba!" mama akaita. "Njoo upite wewe!"

Nikakimbia na mikono yangu ya unga vilevile. Nikaingia kati ya tairi na chasisi, nikapapasa chuma nitafute vile vishimo kwa vidole. Nilipoondoa kiganja, unga ulikuwa umebaki ndani ya tarakimu moja. Nyeupe kabisa, juu ya rangi nyeusi.

"Naiona," nilisema.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

Sauti yangu ndivyo ilivyo. Darasani mwalimu huniambia nirudie, nirudie, mpaka anachoka anamwita mwingine.

"Leteni unga!" nilijaribu tena.

Bibi alikuja na bakuli zima. Nikapaka unga, nikafuta juu kwa kiwiko, namba zikajitokeza moja baada ya nyingine kama meno ya mtu anayecheka. Lakini barabarani foleni ya malori ya kwenda mpakani ilikuwa imesimama, na kila dereva alikuwa anapiga honi.

"Sauti, mdogo wangu!" dada wa bima alipaza. "Siandiki cha kubahatisha!"

Nikafumba macho. Chini ya lori hakuna anayekuona, nadhani hiyo ilinisaidia.

"TISA!"

"Tisaaa!" wakaitikia wote.

"Sufuri!"

"Sufuriii!"

Bibi, ambaye hajui kusoma namba hata moja, ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote. Majirani wakasogea kwenye uzio, na wao wakaanza kuitikia bila kujua ni kwaya ya nini. Namba ya mwisho nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Dada wa bima alikuwa anapitisha kidole kwenye kadi ya gari.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Haijapungua hata moja."

Mama akapiga vigelegele. Nikapewa simu niingize mkono nipige picha, na dada alipoiangalia akatikisa kichwa. "Watauliza hili gari linabeba saruji au linasonga ugali." Alikula kwetu kabla ya kuondoka, na ugali ulikuwa mdogo kwa sababu unga mwingi ulibaki kwenye chasisi.

Bima ikaingia kwenye simu ya baba kabla ya saa saba. Alituita sote akatusomea, polepole, na alipofika kwenye jina la mwenye gari alilisoma mara mbili, kana kwamba hatulijui.

Jumatatu aliingia kwenye foleni ya mpakani na saruji yake. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Madereva aliozoeana nao wakaanza kumzomea kutoka madirishani.

"Tajiri! Na wewe unapanga foleni na sisi makabwela?"

Baba akatoa kichwa nje. "Tajiri kasema nisipite pembeni!"

Jioni mvua ikanyesha kubwa. Jiko likavuja palepale linapovuja siku zote. Mama akahamisha sufuria, tone likamfuata, akahamisha tena. Simu ikalia, ni baba, anapiga kutoka ng'ambo, na mama mikono ilikuwa na mboga, akanisogezea kwa kiwiko.

"Gari inaendaje?" nilimuuliza, kwa sauti, kwa sababu bati zilikuwa zinapiga kelele.

"Inaenda! Na huko jikoni?"

Mama alisikia. "Mwambie linavuja," alisema huku anacheka, "na lina bima kubwa."