Mianzi Niliyomkatia Panda

Nianze kwa kukubali kwamba hii aibu ni yangu mwenyewe, sikusukumwa na mtu, na kama kuna yeyote hapa Soin amewahi kuwaambia kwamba Chebet alishikwa huko China akiiba mchana kweupe mbele ya watu, basi hakudanganya sana, ila aliikatiza hadithi katikati, na utamu wote uko mwishoni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa kituo cha kununua majani chai, yaani yule mtu anayesimama kando ya mzani na kitabu, akina mama wamepanga laini na vikapu mgongoni, unapima, unaandika, unaita anayefuata, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Kiwanda chetu kikapata nafasi nne za watu kwenda jimbo la Sichuan wiki tatu kujifunza mambo ya majani, na jina langu likawa la nne (nasikia aliyekuwa wa nne kabla yangu alikataa kwa kuogopa ndege, Mungu ambariki).

Wengine walifurahia China. Mimi nilifurahia panda. Nyumbani kwetu kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya huyo mnyama, mweusi na mweupe, amekaa chini kama mtu aliyeshiba ugali, anakula mianzi, na baba yangu alikuwa ameikataa hiyo picha kabisa. Baba anajua kila mnyama wa msitu wa Mau kwa nyayo zake, kwa hiyo hadanganyiki ovyo. "Huyu ni mtu amevaa ngozi," alikuwa anasema. "Mnyama ako na meno ya kula nyama, halafu anakula miti? Wanawachezea nyinyi watoto." Tungecheka yaishe, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alikuwa ametuambia tusitegemee kwamba yatakaa sana. Ndiyo maana aliponiambia, "Nitaamini nikikuona wewe mwenyewe umesimama karibu na yeye, tena uharakishe," sikuichukulia kama mzaha. Nilitaka aione hiyo picha kabla hajashindwa kuona.

Basi nikapanga safari yangu ndani ya safari ya kiwanda. Nilimwendea mwalimu mmoja wa jiografia huko Kabianga akanipa ramani, nikaandika barua kwa kituo cha panda cha huko Sichuan nikiuliza wanafungua saa ngapi na basi gani linafika, na baada ya miezi mitatu (nilikuwa nimeshakata tamaa) jibu likaja, limechorwa barabara kwa kalamu, duka hapa, daraja pale, mpaka mlangoni. Nikalikunja nikalitia kwenye Biblia. Kule China wenyeji wetu walikuwa wakarimu kweli, wakatuandalia basi la kutembezwa Jumapili moja, kwenda kwa panda, halafu duka la hariri, halafu chakula. Nikauliza, kwa panda tunakaa muda gani? Dakika arobaini. Watu wangapi? Arobaini, pamoja na wageni wengine. Nikapiga hesabu nikaona picha yangu itakuwa ya migongo ya watu, nikasema asanteni, mimi nitaenda peke yangu.

Bwana Okoth, fundi wetu wa mitambo, mtu wa kando ya ziwa anayependa kusema kwa sauti, akaweka kijiko chini. "Wewe mama, ukipotea huku tutamwambia mzee wako nini?"

"Mwambie nimeenda kwa panda," nikamjibu, na kiburi kikanijaa mpaka shingoni.

Jumapili niliamka mapema, nikapanda basi, nikashuka kwenye daraja lile lile la kwenye barua, na sikupotea hata hatua moja. Nilijisikia kama chifu. Nikafika kabla hawajafungua, na hapo mbele ya geti nikaona nini? Laini. Wazee, akina mama, vijana wa baiskeli, kila mmoja na mzigo wake wa mianzi mibichi, na mbele yao mzani, na kando ya mzani bwana mmoja na kitabu. Moyo wangu ukatulia, nikajiona niko nyumbani.

Sasa mtu mwenye akili angefikiri kwamba hawa ni wakulima wanauza chakula cha panda. Mimi nilifikiri hawa ni wageni. Sisi watu wa kwetu hatuendi kwa mtu mikono mitupu, unabeba hata sukari nusu kilo, hata kibuyu kidogo cha maziwa, na nikasema moyoni ona hawa watu walivyo na heshima, hata mnyama wanamletea kitu, na wanapima ili asije mtu na vijiti viwili vya kujionyesha. Nikaona aibu. Nimetoka Kericho mpaka hapa, barua na ramani, halafu nimekuja mikono mitupu! (Barua ilikuwa haijasema. Nikawalaumu kidogo.)

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kichaka cha mianzi kizuri ajabu, kimenyooka, majani yanang'aa, hakuna ua, hakuna mtu. Nikamwomba nyanya mmoja kwenye laini panga lake kwa ishara, akanipa huku akicheka, nami nikatema kama mtu aliyelelewa karibu na msitu, mianzi kumi na tano, ishirini, nikaifunga kwa leso, nikapitisha kamba kwenye paji la uso, nikauinua mzigo mgongoni. Nikarudisha panga kwa mikono miwili na kujipanga nyuma. Watu wote kwenye laini walikuwa wameninyamazia. Nikadhani ni mshangao wa kuona mzigo uliofungwa vizuri.

Mara mlango wa hoteli ndogo nyuma ya kile kichaka ukafunguliwa, akatoka bwana mnene wa aproni na mwiko mkononi, akaangalia mahali palipokuwa na mianzi yake, akaniangalia mimi, akaanza kupiga kelele. Nami kwa vile nilikuwa nimefundishwa neno moja tu la kusalimu, nikamsalimu. Akazidi. Nikamsalimu tena kwa adabu zaidi, nikainama, na nilipoinama majani ya mzigo yakamchapa usoni. Hapo akaushika mzigo, nami nikaushika, kwa sababu mimi nilijua ni zawadi ya panda na yeye alijua ni kivuli cha wateja wake, tukavutana pale barabarani, yeye na mwiko wake, mimi na leso yangu, kiatu changu kimoja kikatoka.

Na ni wakati huo huo, siyo dakika moja kabla wala baada, basi la kutembezwa likasimama.

Watu arobaini madirishani. Kamera zinalia. Na sauti ya Okoth juu ya zote, kwa Kiswahili chetu kizuri: "Wuoi! Ni Chebet! Chebet anapigania kuni!"

Niliona haya mpaka nikatamani kujifunika kwa hiyo mianzi. Mkalimani wetu, msichana mpole aliyeitwa Mei, akashuka mbio, akamsikiliza yule bwana, akanisikiliza mimi, halafu akanieleza polepole kwamba hii laini ni ya kuuza, kwamba wageni hawaleti chochote, na kwamba hiyo mianzi huyu bwana ameipanda kwa mkono wake, miaka minane. Miaka minane! Nikavua mzigo, machozi yakanitoka mbele ya watu wote, nikamwambia Mei amwambie hivi: kwetu mgeni habishi hodi mikono mitupu, nilitaka kumpelekea panda kitu kwa sababu baba yangu anapoteza macho na nimekuja kumtafutia picha, na nimekosa, anisamehe.

Mei akatafsiri. Nyuma yake laini nzima ilikuwa imesogea kusikia. Yule bwana akashusha mwiko. Akauliza kitu, Mei akasema, "Anauliza, baba yako ana umri gani." Nikamwambia. Akamwita yule karani wa mzani, wakazungumza, na yule karani akaunyanyua mzigo wangu akauweka kwenye mzani, akasoma, akaitikia kwa kichwa kwa furaha na kuangalia fundo langu (karani anamjua karani mwenzake, nawaambia), halafu akaandika kwenye kitabu chake. Mwenye hoteli akasema jambo moja refu na watu wakacheka. Mei akaniambia, "Anasema ikishakatwa haishiki tena ardhini. Mpelekee panda wewe mwenyewe, useme ni yeye amekutuma."

Basi wenzangu waliingia kwa lango la wageni, wakaona panda watatu wamelala mbali, migongo tu, dakika arobaini zikaisha wakaenda kwa hariri. Mimi niliingia kwa mlango wa chakula, mzigo mgongoni, kiatu kimoja, na mtunzaji akanisimamisha kwenye vyuma, akanionyesha nisukume mianzi ndani. Na akaja. Alikuja akitembea kama mzee asiye na haraka, akakaa chini mbele yangu, akavuta mianzi yangu kutoka mkononi mwangu, nikasikia anavyotafuna, krap, krap, na Mei, aliyekuwa amebaki nami basi lilipoondoka, akapiga picha. Nilikaa hapo mpaka jioni. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya arusi yangu (mume wangu anajua, nilimwambia).

Nyumbani baba aliipeleka ile picha kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza karibu na jicho lake lenye nafuu. "Huu mzigo ni wewe umefunga," akasema. "Hakuna mtu wa ngozi anaweza kufunga hivi." Halafu akasogeza kidole kidogo. "Na huyu anakula. Haki, yuko." Akanishika mkono akaushikilia.

Nimeapa, na ninaapa tena mbele yenu, sitakata hata jani la mtu bila kuuliza ni la nani, awe amejenga ua au hajajenga. Lakini basi la kutembezwa sitapanda. Jumapili iliyofuata baba aliomba nafasi kanisani, akasimama mbele ya waumini wote na picha mkononi, akasema yeye alijua tangu zamani kwamba huyu mnyama yuko, ila alikuwa na binti mmoja mgumu wa kuamini, ikabidi amtume akajionee.