Firigisi ya Mgeni na Sanduku la Kampuni

Mfuniko wa sufuria unagongagonga jikoni. Ni saa kumi na moja alfajiri, Kanduyi, na Pauline Nekesa anachemsha firigisi kabla ya kwenda kufungua duka lake la kuku wa kukaanga. Leo mkaguzi anakuja. Akikuta kosa la pili, kibao cha duka kitang'olewa.

Nekesa, ambaye wateja humwita Mama Joy, aliuza ng'ombe wawili na kukopa kwenye chama cha akina mama mwaka 2006. Alilipa shilingi 280,000 ili atumie jina la Kuku Dhahabu, kampuni ya Kitale. Kila mwezi hukatwa shilingi saba katika kila mia anayouza. Kuku, unga, mafuta, hata masanduku ya kufungia, lazima anunue kwao, kwa bei yao.

"Kodi ni yangu, stima ni yangu, hasara pia ni yangu," anasema huku akicheka. "Jina tu ndilo lao."

Kuku hao huja wamekatwa tayari, bila firigisi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mteja mmoja, Mzee Makokha, alinunua sanduku la kuku kuwapokea wakwe zake, na kwa Wabukusu mgeni wa heshima hupewa firigisi. Wakwe walipekua, hawakuiona, wakaaga na njaa zao.

"Ati kuku hana firigisi, bana! Kwani alizaliwa Ulaya?" mzee alifoka dukani.

Mama Joy alianza kununua firigisi sokoni kwa pesa zake, akitia moja bure katika kila sanduku la wageni. Wateja wakaongezeka. Kisha mkaguzi, Bwana Kagwe, akaikuta, akampa onyo: sanduku la kampuni haliingii kitu cha nje.

Saa nne Kagwe anaingia. Anafungua masanduku, na kila analolifungua analifunga tena taratibu lisiraruke, maana gharama ni ya mama. Yote safi. Kisha anaona bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Na hili, Mama Joy?"

"Bakuli ni langu, firigisi ni yangu. Mgeni anapewa mkononi. Sanduku lako sijagusa."

"Na mdomo ni wa mteja!" anadakia Mzee Makokha, aliyewahi kiti mapema asikose kesi.

Kagwe anajizuia kucheka. "Onyo lilisema sanduku. Bakuli halikutajwa." Anatia sahihi. Kibao kinabaki.

Mama Joy anatumaini kumaliza deni la chama kufikia Desemba, kisha arudishe ng'ombe mmoja zizini. Anamsindikiza mkaguzi hadi barabarani.

"Leo hukuonja kwa sababu uko kazini," anamwambia. "Rudi Jumapili, Bwana Kagwe. Uje nyumbani, uje kama mgeni."