Ujumbe Uliolala Mwene-Ditu

Nilipomaliza chuo, viwanda vya Likasi vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na kazi pekee niliyoipata ilikuwa kwenye nyumba ya foni. Foni ni redio ya kupelekea ujumbe miji ya mbali. Simu zilikuwa zimekufa. Mwenye nyumba, mzee mstaafu wa mgodi, ndiye aliyeshika mikrofoni. Mimi niliandika maneno ya wateja kwenye vikaratasi na kuvichoma kwenye msumari wa ukutani. Kikaratasi kikishasomwa hewani, na sauti ya upande wa pili ikajibu "bien reçu", yaani umepokelewa vizuri, nilikihamishia msumari wa pili. Mteja aliyekuwa anangoja kwenye benchi alipiga makofi, akamshukuru Mungu, akaenda zake nyumbani.

Mimi sikuweza kushukuru. Umepokelewa na nani? Na yule anayeandika kule, je, naye hana msumari wake? Mawazo hayo yalininyima usingizi, mpaka asubuhi moja nikapigilia msumari wa tatu, wa ujumbe uliojibiwa na mwenyewe aliyetumiwa tu.

"Licencié," mzee akasema, maana alipenda kuniita kwa shahada yangu, "unataka kumaliza ukuta yangu?"

"Papa, minataka kuona kama bantu banajibu."

"Kazi yetu ni kutuma. Kujibu ni mambo yabo."

Msumari wa pili ulijaa mpaka vikaratasi vikaanza kudondoka. Wa tatu ulibaki karibu mtupu, hasa kwa ujumbe wa Mwene-Ditu, mji wa Kasai. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa kwetu Katanga, treni zinawashusha kule, na kila aliyebaki alikuwa na neno la kumpelekea aliyetangulia.

Mmoja wao alikuwa mama jirani yetu. Mume wake alikuwa ametangulia kutafuta nyumba. Yeye alizaliwa Likasi. Kasai hakuwahi kuiona, wala hakuwa na mtu mwingine huko. Aliandikisha: tunakuja na treni ya Jumamosi, utupokee gare, pale stesheni. Aliposikia "bien reçu", aligawa vitanda vyake siku ileile.

Nilimfuata kwake, nikamkuta anafunga masufuria ndani ya shuka.

"Mama, bwana yako alijibu?"

"Weye mwenyewe ulikuwa pale. Banasema bien reçu!"

"Ni muntu wa foni njo alisema. Bwana yako, hatujue."

Akanicheka. "Masomo inakuharibu kichwa, mutoto wangu." Lakini mikono yake ikaliacha fundo.

Tulirudi pamoja kwa mzee. Alinung'unika kwamba betri ilikuwa inaisha, lakini akaita Mwene-Ditu na kuuliza. Redio ikakoroma, kisha ile sauti tuliyoizoea ikaja: "Ule ujumbe iko hapa. Ule bwana hayafika kuutafuta. Iko mingi hapa, bantu habajue hata kama beko na ujumbe."

Nikaanza kumweleza mama kwamba anaweza kungoja treni nyingine, kwamba pengine tungetuma tena, lakini kabla sijamaliza akaichukua mikrofoni mkononi mwa mzee.

"Papa wa foni ya kule, sikia. Sasa njo weye utakuya gare. Nyumba yangu hapa inaisha, na kule sijue muntu. Usiniache na batoto mu njia."

Mzee akamwonyesha kitufe cha kuachia ili asikie jibu. Tukangoja.

"Batoto beko bangapi, mama?" ile sauti ikauliza.

"Bane. Mudogo iko ku mugongo."

Betri ikakata hapohapo.

Jumamosi niliwaona wakipanda, wote watano juu ya mizigo ya watu wengine. Betri iliporudi kutoka kuchajiwa wiki iliyofuata, nilimwomba mzee aite Mwene-Ditu. Sauti iliyojibu ilikuwa ngeni. Nikauliza yule wa kawaida yuko wapi.

"Ule? Anashinda ku gare," ikasema. "Anangoja treni ya kwenu. Ile treni haiyafika mpaka leo."