Mtambo wa Kutouliza Njia

Kwetu milimani ukitaka kuuliza njia, jipange. Unazima injini, unashusha kioo chote, siyo nusu. Shikamoo. Marahaba, za mtokako? Njema. Mmetokea mjini? Mjini. Nyie wa ukoo gani? Hapo unataja ukoo wa mama yako, maana kwa Waluguru mtoto ni wa kwa mama, na mwenzako anachimbua kichwani mpaka apate bibi yenu aliyeolewa jirani na kwao. Kisha unaulizwa hali ya ndugu mmoja mmoja. Njia unaonyeshwa mwisho kabisa, wakati mwingine pamoja na mkungu wa ndizi wa kumpelekea mtu huko uendako.

Kaka yangu mambo hayo hayawezi. Amestaafu ofisini, lakini saa ya ofisini hajaivua. "Nusu saa nzima," hulalamika, "namsalimia mtu nisiyemjua!"

Basi kijana wetu akapata mchumba, binti wa kijiji cha juu huko, ukishapita Mlali. Kijana huyu ni mtoto wa marehemu dada yetu mkubwa; nimemlea mimi, na ananiita mama. Kwenda kubisha hodi ilikuwa lazima aongoze kaka, kwa kuwa ndiye mjomba mtu. Binti alishaonya kwamba kwao ni watu wagumu, wakikataa wamekataa. Kijana wa watu hali, halali, kila saa ananiuliza, "Mama, watakubali?" Mjomba wake yeye alikuwa anawaza kitu kimoja tu: kununua GPS, mtambo wa garini wa kuonyesha njia.

"Si una ramani kwenye simu?" nikamuuliza.

"Simu inategemea minara, mdogo wangu. Mtambo unaongea na setilaiti." Alivyoitamka, ungedhani setilaiti ni mtoto wa shangazi yake.

Tukaenda dukani mjini. Muuzaji akatutolea mitatu. Wa kwanza kaka akaukataa kwa udogo. Akauliza kona zote za Uluguru zitaenea wapi humo. Wa pili ulizungumza Kiswahili, sauti ya mama mmoja mchangamfu. Kaka akausikiliza, akakunja uso. "Huyu kama jirani yangu. Kesho atanikopa sukari." Wa tatu ulikuwa mpana kama sinia, unazungumza Kiingereza cha mwanamke aliyenuna. Kaka akatabasamu.

"Huu. Huyu mama hana mazoea."

"Mzee una jicho!" akasema muuzaji. Aache kusema, na ndio uliokuwa ghali kuliko yote?

Siku ya safari kijana akaingiza mwenyewe lokesheni aliyotumiwa na mchumba wake, tukamwacha nyumbani, tukaondoka mimi na kaka. Baada ya Mlali tukaanza kupanda. Mtambo unatoa amri, kaka anaitikia "naam", heshima ambayo mkewe hajawahi kuionja. Watu wakawa wanainua vichwa kwenye makabichi. Mzee mmoja akanyoosha mkono kutusimamisha. Kaka akapiga honi. Mimi nyuma huko, na kitenge changu kipya, nawapungia watu kama mgombea udiwani.

Karibu na daraja kulikuwa na mama aliyeanika maharage kwenye mkeka kando ya njia. Alipotuona akasimama, akajifuta mikono, tayari kutuelekeza.

"Kaka, simama tusalimie."

"Ya nini? Mtambo unajua."

Tukampita, tukamwachia vumbi lote juu ya maharage yake.

Na mtambo ulijua kweli, ndicho kilichoniudhi! Nilishaandaa "si nilikwambia" ya siku tutakayotumbukia korongoni. Badala yake ukatufikisha mpaka mlangoni, karibu tugonge banda la kuku.

Tukaketishwa barazani. Msemaji wao alikuwa mama mkubwa wa binti, mwanamke mkavu, macho hayapepesi.

"Karibuni. Nani kawaelekeza?"

"Hakuna!" kaka akajibu kwa kifua. "Hatukuuliza popote." Akaanza kumweleza habari za setilaiti.

"Kuanzia darajani mpaka hapa ni nyumba za ndugu zetu tu. Hamkuona watu?"

"Tuliwaona."

Nikafumba macho. Yarabi, kaka!

"Mliwaona mkawapita." Hakupandisha sauti. "Sasa baba, binti yetu akiumwa huko kwenu, akipigwa, sisi habari tutazipata kwa majirani zenu. Mnao? Au na wao mnawapita?"

Kaka akaangalia gari. Simu yangu ikaanza kulia kwenye mkoba. Nilijua ni mwanangu, anataka kusikia. Sikupokea. Ningemwambia nini? Na hasira nilizokuwa nazo kwa kaka, acha tu.

"Mama," nikasema, "tunaomba msimhukumu kijana kwa sababu yetu."

"Sijamhukumu. Nyie ndio sijawapokea. Shukeni mpaka darajani, muanze upya. Gari liacheni."

Tukashuka kwa miguu, kaka na viatu vyake vya kung'aa. Yule mama alikuwa bado anapeta vumbi. Kaka akasimama mbele yake, akakohoa, akamwamkia, akaomba aelekezwe nyumba ambayo gari letu lilikuwa linaonekana mbele yake, pale juu. Yule mama akaliangalia gari, akamwangalia yeye.

"Nyie wa ukoo gani?"

Kaka akautaja. Akamtaja mama yetu. Uso wa yule mama ukafunguka.

"Alaa! Basi dada yenu mkubwa namjua, yule mrefu, alikuwa anapanda huku kununua njegere. Siku nyingi sijamwona. Hajambo?"

Nikafungua mdomo nijibu mimi, kama ninavyojibu siku zote. Kaka akanishika mkono.

"Alifariki," akasema. "Kijana tunayemposea ni wa kwake."

Tangu tumzike dada, sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa kaka. Alilisema akiwa amesimama juani, na hakugeuza uso.

Yule mama akauweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka amejitanda kanga. "Twendeni," akasema. "Watu wake nitawapeleka mwenyewe."